Mwaka wa Mguu wa Mama Chande

Chande alinipigia simu nikiwa uani kwangu hapa Masasi, nimekaa kwenye kigoda nachambua mbaazi. "Mwalimu, mama ametutoka," alisema, na mimi badala ya kumpa pole nikamuuliza kama amekula. Mtu mwenye wajukuu anaulizwa kama amekula! Alinijibu kwa adabu kwamba bado. Nikabadilisha nguo, nikatia khanga mbili kwenye mkoba, nikapanda gari la Newala, na alasiri ilinikuta Makote nimekaa kwenye mkeka wa wanawake. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini. Sisi tuliobaki tulikuwa tunamkumbuka marehemu kama ilivyo desturi, kila mmoja anachangia chake. "Huyu mama alijua kusalimia," mmoja alisema. "Ulikuwa ukimwona anakuja unajua leo hata kuku wako ataulizwa habari." Mwingine akadakia, "Siku hizi wanapita na pikipiki, hata mkono hawapungi. Yeye alikuwa anasimama. Kila mlango anasimama." Waliokaa kando ya kuta zote wakaitikia. Mimi niliinamisha uso ndani ya khanga, wakadhani nalia, kumbe nilikuwa nazuia kicheko na machozi kwa pamoja. Ni kweli alikuwa anasimama kila mlango. Lakini nilipomjua mimi, mwanzoni kabisa, hakuwa anasimama kwa sababu ya adabu. Alikuwa anasimama kwa sababu mguu wake wa kulia haukuwa na damu ya kutosha kumfikisha mlango unaofuata. Ule ndio mwaka ambao mguu huo ulikaribia kukatwa, nami nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa nikaona kwa macho yangu mambo ya ndani ya mwili ambayo mpaka leo yananistaajabisha.

Nilikuwa mwalimu mpya, nimepangiwa Makote, na yeye ndiye aliyenipa chumba. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mwenye mikono ya kazi na sauti ya kukwaruza. Mwanawe Chande alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, na kuta za ndani hazikufika juu, ziliishia usawa wa mtu akinyoosha mkono, kwa hiyo kila aliyelala alisikia kila aliyeamka. Chumba changu kilinukia korosho, maana magunia ya msimu uliopita yalikaa humo. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, ambayo mimi wa Masasi mjini nilijifanya naijua kuila kumbe naitafuna na maganda yake. Alinicheka siku nzima. "Mwalimu," aliniambia, "huko mlikofundishwa hamkufundishwa kumenya?" Baada ya kula alikuwa anazunguka nyuma ya jiko na kipande cha karatasi na tumbaku yake, anaisokota, anaivuta akiwa amechuchumaa, kisha anarudi ananukia moshi huku amekunja uso ili nisimwulize. Sikumwuliza. Alikuwa anavuta hivyo tangu ujana, walivyokuwa wakivuta wengi, na hakuna aliyeliona kuwa ni jambo la kujadiliwa.

Maji tuliteka bondeni, kwani uwanda huu wa juu ni mchanga mtupu na maji yako chini kabisa. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kulikokuwa na kazi, na ndiko nilikoonyeshwa salamu za Mama Chande. Tulikuwa tukifika mlango wa kwanza anasimama. "Hodi wenyewe! Mmeamkaje? Yule mtoto wa kikohozi anaendeleaje? Na mbuzi kazaa?" Anajibiwa, anauliza tena, anajibiwa, ndoo imetulia kichwani kwake, hata tone halimwagiki. Kisha tunatembea, na mlango wa pili ni hivyohivyo. Nilikuwa najiambia, hawa ndio watu, sisi wa mjini tumepotea. Nikaanza hata kumwiga. Mpaka asubuhi moja tukafika mahali ambapo watu walikuwa wamehama tangu mwaka wa nyuma, nyumba haina mlango, paa limeshuka, na mlenda pori umeota mpaka ndani. Mama Chande akasimama mbele ya gofu lile, akaita, "Hodi humo! Hamjambo?" Nilimtazama. "Mama," nikasema, "hapa si hapana watu?" Akasema, "Najua. Nasubiri mguu." Akaniambia kwamba akipanda, nyama ya nyuma ya mguu inamkaba kama mtu anaikamua, na akisimama kidogo inaachia, akitembea inakaba tena. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu sasa. Hakutaka watu wajue, mwanamke wa rika lake kushindwa kilima, basi akajifunza kusalimia.

Kuanzia hapo nikawa namsikia. Kabla ya alfajiri, upande wa pili wa ukuta, kitanda kililia na yeye akawa ananong'ona, "Tulia wewe. Tulia basi." Siku moja nilichungulia nikamkuta amekaa ukingoni, mguu wa kulia unaning'inia mpaka chini, ameuinamia kama anayembembeleza mtoto. Akilala na mguu juu ya kitanda, alisema, vidole vinamuuma kwa moto, akiuning'iniza unapoa. Na ule mguu wenyewe ulikuwa baridi. Niliushika nikaurudisha mkono wangu haraka. Juni na Julai huku juu upepo unakata, sote tulikuwa na miguu baridi, lakini ule ulikuwa baridi ya namna nyingine, baridi ya mtungi.

Mguu baridi unapelekwa kwenye moto, ndivyo kila mtu wa huku anavyojua, na jioni za Julai hakuna anayekaa mbali na mafiga. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa sijaenda kwetu. Tulikuwa tumemaliza kula, jua ndiyo linazama, yeye amekaa kwenye kigoda amenyoosha mguu wake kwenye makaa, ananisimulia habari za harusi iliyoharibika kwa sababu bwana harusi alisahau jina la baba wa bibi harusi. Nilikuwa nacheka. Kisha nikasikia harufu, kama ngozi ya mbuzi inayobabuliwa. Nikatazama chunguni, hamna kitu. Nikatazama chini. "Mama, unaungua!" Naye akatazama huku na huku akauliza, "Nani, mimi?" Vidole viwili vya mwisho na ukingo wa mguu vilikuwa ndani ya majivu ya moto, ngozi imeshaanza kuinuka, na uso wake haukuwa na maumivu yoyote. Alikuwa anautazama ule mguu kama ni wa mgeni aliyejisahau. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyouogopa ule utulivu wake.

Kaka yake alikuja kesho yake. Huku kwetu mambo ya mwanamke na watoto wake yako mikononi mwa kaka yake, na yeye, ambaye kila mtu alimwita Mjomba, hata watu waliomzidi umri, alikuwa mzito wa maneno na mwepesi wa kuamua. Alikuwa mtu wa kutayarisha mambo mapema: kuni zake za masika zilikuwa zimepangwa kabla majani hayajakauka. Aliutazama mguu, vidole vile viwili vimeanza kuwa vyeusi kama mkaa, akatikisa kichwa. Nilikuwa chumbani, na ukuta ule haukunificha kitu. "Dada, hapa umekanyaga kitu," alisema. "Mguu hauungui bila mwenyewe kusikia. Umewekewa njiani, kwenye njia ya maji, na aliyeweka ninamjua." Akamtaja jirani wa upande wa chini ambaye waligombania mpaka wa mikorosho. Mama Chande akasema hana uhakika. Mjomba akasema atampeleka ng'ambo ya Ruvuma kwa fundi mmoja wa uganga. Nilitoka chumbani. "Shikamoo Mjomba," nikasema. "Naomba kwanza twende hospitali. Fundi atakuwepo tu hata tukirudi." Alinitazama, mimi binti mdogo wa watu, akasema, "Marahaba. Nakwenda na nyinyi. Lakini nakwenda kusikiliza, siendi kukubali."

Daktari tuliyempata kwenye hospitali ya bondeni alikuwa mtu wa makamo aitwaye Komba, anayesema polepole, mikono yake imekauka kwa sabuni. Mjomba alimweleza habari yote ya kukanyaga, hata jina la jirani akataka kulitaja, daktari akamwomba alihifadhi kwanza. Kisha akamlaza Mama Chande chali, akaishika miguu yake miwili visiginoni, akainyanyua juu na kuiacha hapo. "Tazameni nyayo," akasema. Tukatazama. Unyayo wa kushoto ulibaki na rangi yake. Ule wa kulia ukaanza kupauka, polepole, kutoka vidoleni kuja kisiginoni, mpaka ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Akamkalisha, akaiacha miguu ining'inie, na mguu ule mweupe ukakaa hivyo, ukakaa, halafu damu ikaanza kurudi, unaiona inavyoshuka, ukawa mwekundu wa zambarau kuliko mwenzake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameinuka kwa kiwiko naye anatazama. "Subhanallah," akasema.

Mjomba akavua viatu. Hakuomba ruhusa. Alilala kwenye kitanda kitupu cha pembeni na kofia yake kichwani, akainua miguu yake yenye magaga, akasema, "Na mimi nitazame." Daktari akamshika visigino bila kucheka. Tukasimama tukizitazama nyayo za Mjomba, na hazikubadilika. Alikaa hivyo mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, anauliza kila mara, "Imepauka?" nasi tunasema bado. Mwishowe akaishusha, akakaa, akavaa kiatu kimoja na kukisahau kingine. Alikuwa anafikiri. "Daktari," akasema, "uchawi ninaoujua mimi hautoki ukipandisha mguu na kurudi ukiushusha." "Hapana," daktari akajibu. "Maji ndiyo hufanya hivyo. Na damu." Jina la jirani halikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Kisha daktari akanishika kidole, mimi niliyekuwa nimesimama tu, akakiweka juu ya mguu wangu mwenyewe, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole cha pili. "Tulia," akasema. Nikatulia. Na hapo chini, mbali kabisa na moyo, kitu kikanigonga kidole. Kikagonga tena. Nilikuwa nimeutembelea mguu ule tangu nizaliwe, nimeuvalisha viatu na kuuosha kila siku, na sikuwa na habari kwamba kuna mgeni anayefika huko kila moyo unapopiga, anagonga na kupita. Nilitaka kulia. Akakichukua kidole kilekile akakiweka mahali palepale kwenye mguu wa Mama Chande. Nilingoja. Nilibonyeza, nikalegeza, nikasogeza. Palikuwa kimya.

Alitueleza kwa Kiswahili cha kawaida, na maneno yale nimeyafundishia watoto wa watu mpaka nikastaafu. Mishipa inayoshusha damu mguuni imevimba kwa ndani na kuziba. Ukikaa, kidogo kinachopita kinautosha mguu. Ukipanda kilima, nyama inafanya kazi, inaomba zaidi, haipewi, inalia. Ukisimama kusalimia, inatulia. Mguu ukikosa damu hata ukiwa umelala, unauma usipouning'iniza. Na ukifika hapo, hausikii tena moto. "Mguu huu haukuwa unaomba moto," alimwambia. "Ulikuwa unaomba damu." Mama Chande akauliza nani ameiziba. Daktari akanusa hewa, kidogo tu, akasema, "Unavuta nini, Mama?" Mama Chande akanitazama, kama mimi ndiye niliyesema. Daktari akaendelea: kuna watu ambao tumbaku haiwagusi vidole, na kuna watu ambao inaifunga mishipa yao mmoja mmoja, miguuni na mikononi, wakiwa bado vijana. Kwao hakuna kupunguza, kuna kuacha. Vidole vile viwili vimekufa, atavitoa. Kidonda cha ukingoni atakiachia muda. Akivuta hata mara moja moja, mguu utafuata vidole. Akiacha, huenda mwili ukafanya kazi yake. "Kazi gani?" Mjomba akauliza. "Njia kubwa ikifungwa," daktari akasema, "vijia vidogo vya pembeni huanza kutanuka. Hakuna anayeviamuru. Vinatanuka vyenyewe." Alitupa muda mpaka mvua za kwanza. Kidonda kisipofunga kufikia hapo, atakata chini ya goti.

Watu husema kuacha tumbaku kama wanavyosema kuacha chumvi. Nilikuwepo, naijua ilivyokuwa. Alitukana kuku. Alinitukana mimi, kisha akaniletea uji na kuuweka mlangoni bila kusema neno. Alitafuna majani ya mwarobaini, mbegu za ukwaju, ncha ya khanga. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko amechuchumaa pale pake, karatasi imeshakatwa na tumbaku imeshalazwa juu yake. Nikasimama. Alinitazama, akautazama mguu uliofungwa bendeji, akauambia kwa hasira, "Haya, kula wewe basi," na akaimwaga tumbaku yote kwenye jaa. Kidonda kilipoanza kukauka, daktari akaruhusu atembee: atembee mpaka mguu umkabe, asimame mpaka umwachie, atembee tena, kila siku, akiwa na kiatu cha tairi ambacho fundi viatu alikikata wazi upande wa vidole. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, mabibo yamejaa chini na kila kitu kinanukia utamu uliochacha, nasi kila nikitoka shule tulikuwa tunatembea kati ya mikorosho ya watu. Nilikuwa nyuma yake, namtazama kisigino kile, na kila aliposimama nilikuwa nawaza vijia vile vya ndani, vyembamba kuliko uzi, vinavyotanuka bila kuamriwa na mtu. Alikuwa anasimama, na mimi nilikuwa najisikia kama mtu aliye msikitini au kanisani. Hali hiyo sijui niiite nini.

Mawingu ya kwanza yalipojikusanya, kidonda kilikuwa bado kina jicho, dogo, lenye unyevu. Tulishuka hospitali watatu. Mjomba alikuwa amebeba mfuko wa nguo ameukumbatia kifuani. Daktari Komba alifungua bendeji, akalitazama lile jicho, akalibonyeza kandokando, akaishika miguu yote miwili visiginoni na kuinyanyua. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, unyayo wa kulia ulikuwa umepauka, ndiyo, lakini haukuwa unga tena, na haukupauka upesi. Akanipa ishara nami nikaweka kidole mahali pale. Mpigo haukuwepo. Nilimwambia hivyo. "Hautakuwepo," akasema. "Mshipa ule umekwisha. Ushike mguu wote." Nikaushika kwa viganja viwili. Ulikuwa na joto. Si joto la moto wala la jua. Lilikuwa linatoka ndani, jingi kama la mguu wa mtu yeyote. Nikaanza kulia palepale, Mama Chande akanigombeza kwamba namlowesha. "Jicho hili litafunga," daktari akasema. "Sikati."

Tukashusha pumzi sote, isipokuwa Mjomba, aliyebaki ameukumbatia mfuko wake. Dada yake akamwona. "Kaka, humo mna nini?" "Kitambaa." "Kitambaa cha nini?" Mjomba akatazama dirishani. "Kiungo cha Mwislamu hakitupwi," akasema. "Kinazikwa. Nimenunua sanda ya mguu." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa hesabu, "Na kaburi nimeshalichimba. Dogo. Karibu na mama." Daktari akageukia ukuta mabega yanamtikisika. Mama Chande alimkodolea macho kaka yake. "Umeuchimbia kaburi mguu wangu," akasema, "na mimi bado nautembelea?" Halafu akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, kile kilichokuwa kimepotea nyumbani tangu Julai, na Mjomba naye akacheka akijifuta macho kwa ile sanda.

Lakini kaburi lilikuwa limechimbwa, na kaburi lililo wazi haliachwi hivyo, wala halifukiwi tupu. Wazee walisema litamwita mtu. Ni lazima lipewe mgomba badala ya mtu. Asubuhi Mjomba alikata mgomba mmoja kati ya ile iliyoota pale maji ya bafuni yanapotokea, akaupima kwa mguu wa dada yake, goti mpaka kisigino, akaufunga kwenye sanda. Mama Chande alikuwa amekwishavaa. "Wanawake hawafiki makaburini," Mjomba akamwambia. "Anayezikwa ni mguu wangu," akajibu. "Unataka habari zake niletewe na watu?" Mjomba akabeba jembe akatangulia, na mimi nikafuata nyuma bila kuuliza kama naruhusiwa. Shimo lilikuwa fupi na safi, kingo zake zimenyooka, kazi ya mtu aliyemheshimu aliyekuwa anamchimbia. Waliuteremsha mgomba, wakaufukia. Mjomba alipoinua jembe kushindilia, dada yake akamzuia kwa mkono. Akavua kile kiatu cha tairi, akapanda juu ya udongo ule mbichi na mguu wake wa vidole vitatu, akaukanyaga, akaukanyaga tena, taratibu, kutoka kichwani mpaka mwisho, na alipomaliza akasimama pale katikati, mvua ya kwanza inaanza kumdondokea. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na sijapata kumwona tena mtu aliyesimama kwa miguu yake yote miwili juu ya kaburi la mguu wake mmoja.